Maji ya Ganga yaliyovuka bahari hadi Parklands

Ikiwa umewahi kuajiriwa au kualikwa chai katika nyumba ya Mhindu mtaani Parklands, Westlands au Ngara, bila shaka umeiona ile pembe ya nyumba iliyotengewa ibada. Pana picha za miungu, taa ndogo ya samli, maua, na vijiti vya udi vinavyofuka moshi. Angalia vizuri zaidi. Nyuma ya hayo yote aghalabu utaona chombo kidogo cha shaba, hakizidi ngumi kwa ukubwa, na mdomo wake umezibwa kabisa. Yaya anayepangusa vumbi huambiwa siku ya kwanza: hicho usikiguse.

Ndani mna maji. Si dawa wala si mafuta ya kupaka. Ni maji tu, lakini yametekwa katika Mto Ganga, kaskazini mwa India, yakavuka bahari hadi hapa. Chombo hicho chaweza kukaa miaka 20 au 30 bila kufunguliwa, na familia ikihama kutoka Ngara kwenda Kileleshwa, chenyewe hubebwa mkononi. Hakipakiwi lorini pamoja na vitanda.

Waswahili wana methali isemayo Baniani mbaya kiatu chake dawa. Nadhani methali hiyo imetufanya tumjue jirani yetu kwa kiatu, yaani kwa duka lake na bei zake, basi. Tumeishi naye jijini tangu reli ilipofika hapa mwaka 1899, na mnamo Julai 2017 serikali ikaitambua jamii ya Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Hata hivyo, ukimuuliza mkazi wa kawaida wa Nairobi kwa nini jirani huyo analia machozi mbele ya kopo la maji, hana jibu.

Kwanza tusichanganye mambo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Si kila Mhindi wa Nairobi ni Mhindu: wako Makalasinga, wako Wajaini, wako Waislamu wa madhehebu kadhaa, na wako Wagoa ambao ni Wakatoliki kama jirani yako wa Kangemi. Habari za leo ni za Wahindu.

Ganga huanzia kwenye barafu ya Gangotri katika milima ya Himalaya, nao husafiri kilomita zipatazo 2,500 kabla ya kumwaga maji yake katika Ghuba ya Bengal. Zaidi ya watu milioni 400 huishi katika bonde lake. Mpunga, ngano na miwa yao hunyweshwa na mto huo na vijito vyake. Mtu angeweza kusema kwamba hiyo pekee inatosha kuuheshimu mto. Lakini kwa Mhindu, Ganga ni mama. Humwita hivyo hasa, Mama Ganga, na humchora akiwa mwanamke aliyempanda mnyama wa majini anayefanana na mamba.

Kisa chake ni kisa cha majivu, na ukikielewa utakuwa umeelewa mengi. Inasimuliwa kwamba mfalme Sagara alikuwa na wana 60,000. Walimkosea adabu mtawa mmoja mwenye nguvu za kiroho, wakamtuhumu wizi wa farasi, naye akawatazama kwa hasira mara moja tu, wakateketea wote. Roho zao hazikupata pa kwenda. Vizazi vikapita, hadi mzao wa ukoo wao aliyeitwa Bhagiratha alipojitenga milimani akaomba kwa miaka mingi kwamba Ganga, ambao wakati huo ulikuwa ukitiririka mbinguni, ushuke duniani uyaoshe majivu ya wazee wake. Ombi likakubaliwa. Tatizo likawa uzito: mto mzima ukianguka kutoka mbinguni ungeipasua ardhi. Ndipo mungu Shiva akaukinga kwa kichwa, ukanaswa katika nywele zake za msokoto, kisha akauachilia taratibu. Ganga ukamfuata Bhagiratha hadi mahali pa majivu, na wale 60,000 wakafunguliwa.

Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa mto huu ulishuka kwa ajili ya wafu ambao jamaa zao hawakuwasahau. Si ajabu basi kwamba Mhindu akiwa katika pumzi za mwisho, iwe ni Varanasi au ni hospitalini hapa Nairobi, jamaa humtilia mdomoni matone ya maji ya Ganga pamoja na jani la mrihani mtakatifu. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya kile chombo cha shaba. Kinangojea siku hiyo. Mengine, kama kunyunyiza nyumba mpya au kubariki harusi, hufanywa kwa matone machache, na aliyekwenda hija akirudi huleta mengine. Tangu mwaka 2016 hata posta ya India huuza maji hayo yakiwa ndani ya chupa.

Je, asiye na chombo hicho anaoga nini? Hapa kuna jambo lililonifurahisha nilipolielewa. Mhindu mcha Mungu anapoanza kuoga asubuhi huitaja mito saba mitakatifu ya India, Ganga ukiwa wa kwanza, na kuialika iingie katika maji aliyo nayo. Sasa fikiria maji yanayotoka kwenye bomba la Parklands. Mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a. Kwa hiyo kila asubuhi, maji ya Murang'a hugeuka Ganga ndani ya ndoo. Siku ambazo mabomba yamekauka, nazo si chache, Ganga huletwa na mkokoteni kwa mitungi ya lita 20.

Huenda ukadhani ni mzaha. La hasha! Bila ufumbuzi wa namna hiyo, hawa watu wasingeweza kuishi huku. Zamani, kwa Wahindu wengi wa matabaka ya juu, kuvuka bahari kulikuwa mwiko. Bahari iliitwa maji meusi, na aliyeivuka alihesabiwa kuwa amejichafua na kujitenga na mito yake. Mahatma Gandhi mwenyewe, alipokuwa kijana wa miaka 18 akijiandaa kwenda Uingereza kusomea sheria mwaka 1888, aliitwa na wakuu wa tabaka lake mjini Bombay akatangazwa kuwa si mwenzao tena. Aliporudi mwaka 1891, kaka yake alimpeleka Nasik akaoge katika mto mtakatifu wa Godavari ndipo apate kupokelewa nyumbani. Na mfalme wa Jaipur, Madho Singh II, alipoalikwa London mwaka 1902 kutawazwa kwa Edward VII, alisafiri na mitungi ya fedha iliyojaa maji ya Ganga. Kila mtungi ulikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 300 ukiwa mtupu, na ulibeba maelfu ya lita. Hakutaka kunywa maji ya Waingereza.

Vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kati ya 1896 na 1901 kujenga reli ya Mombasa hadi ziwani hawakuwa na mitungi ya fedha. Wengi wao walikuwa Waislamu na Makalasinga wa Punjab, lakini Wahindu pia walikuwamo, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara wa Gujarat waliofungua maduka katika soko la Kihindi ambalo leo ni Biashara Street. Watu takriban 2,500 walikufa katika ujenzi huo, wengine kwa maradhi, wengine kwa ajali, wengine kinywani mwa simba wa Tsavo. Aliyekufa nyikani Voi au Makindu alikuwa mbali mno na mto wake. Nafikiri hilo ndilo lililowauma zaidi ya kazi yenyewe.

Hili la kufa mbali na kwenu sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa. Msomaji wa umri wangu alikuwa bado hajazaliwa au alikuwa mtoto, lakini wazazi wetu wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ikangoja zaidi ya miezi mitano, hadi Mei 23, 1987, ilipozikwa Nyalgunga kwa amri ya mahakama. Nchi nzima ilifuata kesi ile kama kandanda. Kwetu, mwili ni lazima urudi kwenye udongo wa kwao. Mhindu naye ana kwao, ila kwao ni majini, na ni rahisi zaidi kusafirisha majivu kuliko jeneza.

Mwili wenyewe huchomwa hapa hapa, katika tanuru la Wahindu la Kariokor, si mbali na Mto Nairobi. Mambo huenda haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukialikwa na jirani au mwajiri wako, vaa nguo nyeupe, si nyeusi. Vua viatu pale wenzako wanapovua. Usilete nyama wala mayai nyumbani kwa waliofiwa, matunda yanafaa. Moto huwashwa na mwana wa kiume, kwa desturi yule mkubwa. Zamani wanawake walibaki nyumbani, na zipo familia zinazoshika hivyo hadi leo, ingawa siku hizi utawaona mabinti nao wakifika Kariokor. Ukirudi kwako, oga. Wao wenyewe hufanya hivyo, nawe hutaonekana umewadharau.

Baada ya siku chache jamaa huchukua majivu na vipande vya mifupa katika chungu kilichofunikwa kwa kitambaa. Mwenye uwezo hupanda ndege nayo hadi Haridwar au Varanasi. Asiye na uwezo, au mwenye haraka, huteremka Mombasa akayamwage baharini, kwani mito yote huishia huko. Wapo wanaotafuta mto wa huku Afrika wenye maji yanayokwenda mbio. Asiyeamini kwamba hilo linakubalika aende Jinja, Uganda. Gandhi alipouawa Januari 30, 1948, majivu yake yaligawanywa ili yamwagwe katika mito mingi, na sehemu ikaletwa Afrika Mashariki mwaka huo huo, ikamwagwa pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Sanamu yake ilizinduliwa mahali hapo mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral. Yule kijana aliyefukuzwa kwa sababu ya kuvuka maji meusi, sehemu ya majivu yake imo ndani ya mto wa Waafrika.

Hapa Nairobi pia ameacha alama. Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za kumkumbuka, zikaingizwa katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1956 ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu yake ingali pale katikati ya jiji, na wanafunzi huipita mbio wakiwahi mihadhara.

Nayo Kariokor haikubaki ya Wahindu peke yao. Oktoba 8, 2011, baada ya ibada ya kitaifa katika Uhuru Park, mwili wa Profesa Wangari Maathai ulipelekwa pale ukachomwa. Jeneza lake halikuwa la mbao. Lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Wengi walishtuka. Mwanamke Mkikuyu wa Nyeri, Mkristo, kuchomwa kama Mhindu! Majivu yake yakazikwa Upper Kabete, katika taasisi ya chuo kikuu yenye jina lake. Mwaka 2019 wakafuata Bob Collymore wa Safaricom na Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Mitaani bado watu hubishana juu ya hilo, lakini mshangao umepungua.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi. Mto huu unaopendwa kuliko mto wowote duniani ni mchafu. Maji taka ya miji, kemikali za viwanda vya ngozi, na mizoga, yote huishia humo. Serikali ya India ilianza mpango wa kuusafisha mwaka 1986, na mwingine mkubwa zaidi mwaka 2014. Katika hija kuu ya Kumbh iliyofanyika Prayagraj kuanzia Januari hadi Februari 2025, serikali ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 600 walioga, na katikati ya hija hiyo hiyo wataalamu wa serikali wakaripoti viini vya kinyesi vilivyozidi kipimo cha maji ya kuogea. Mahujaji waliendelea kuingia.

Inawezekanaje? Kuna maneno mawili ambayo sisi huyachanganya: uchafu na najisi. Kwa Mhindu wa kawaida, takataka huuchafua mto, lakini haziwezi kuunajisi. Mama ni mama hata akiwa na matope. Zaidi ya hayo, husema, maji yake hujisafisha, na hapo hawakosi ushahidi: mwaka 1896 mtaalamu Mwingereza, Ernest Hankin, aliandika kwamba maji ya Ganga yaliua viini vya kipindupindu. Lakini Hankin hakupimiwa maji taka ya miji ya leo. Imani kwamba mama hawezi kunajisika imewafanya wengi wasione haja ya kumwosha.

Walikuwapo walioona. Huko Varanasi, Veer Bhadra Mishra alikuwa kuhani mkuu wa hekalu na wakati huo huo profesa wa uhandisi wa maji. Kila asubuhi aliingia mtoni kuoga kama kuhani. Kisha akarudi kupima viini kama mhandisi, akijua vizuri alichokuwa amejitumbukiza ndani yake. Alipigania mto huo tangu mwaka 1982 hadi kifo chake mwaka 2013. Mwingine, G. D. Agrawal, mhandisi aliyegeuka mtawa, aliacha kula akidai mabwawa yasijengwe juu ya Ganga na sheria itungwe ya kuulinda. Alifariki Oktoba 11, 2018, baada ya siku 111, akiwa na umri wa miaka 86. Mzee wa umri wa babu yako, msomaji, amekufa njaa kwa ajili ya mto.

Nani angefanya hivyo kwa Mto Nairobi? Na usiniambie kwamba mto wetu haukuwa na utukufu wowote. Jiji lenyewe limepewa jina na maji: Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Kwa Wakikuyu, mti wa mugumo ulikuwa wa Mungu. Wangari Maathai ameeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na kijito cha kwao, na jinsi mti ulipokuja kukatwa, kijito nacho kikakauka. Mwiko ule ulikuwa unalinda chemchemi bila mtu kuhitaji askari wa mazingira. Tuliuacha, na badala yake hatukuweka kitu.

Ufuate mto siku moja. Unazaliwa katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, maji yakiwa safi na ndege wamejaa. Ukifika Dagoretti na Kawangware tayari umepokea mifereji ya vyoo na mifuko. Unapita nyuma ya nyumba za matajiri wa Lavington na Kileleshwa, ambao wamejenga kuta ndefu ili wasiuone. Ukifika Chiromo na Museum Hill unanuka. John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia 2008, alijaribu kwa nguvu, na bustani yenye jina lake iko pale karibu na mzunguko wa Globe. Mvua za 2024 zikaja, mito ya jiji ikarudisha kwa hasira kila kilichotupwa ndani yake, na watu wakafa. Machi 2025 serikali ikazindua mpango mwingine wa usafishaji.

Wakati huo huo maji hayangoji mpango. Kutoka Kariokor yanapita Gikomba na kuendelea mashariki, yanaingia Mto Athi, yanavuka Tsavo yakiitwa Galana, na mwishowe yanaitwa Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Msimu wa mvua bahari ya pale hugeuka kahawia kwa maili kadhaa, na wavuvi wanajua kwamba bara kumenyesha. Ni bahari ile ile ambayo familia ya Parklands huteremkia na chungu chake, ikasimama ndani ya maji hadi magotini, ikaitaja mito saba, na kumwacha mzee wao aende.